Sekunde 11 tu, halafu "Dogo, kauze dagaa"! Huyu prodyuza wa Mwanga tumemkosea nini?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi. Nimetoka pale sasa hivi. Hata bodaboda sijapanda, nimetembea kwa hasira kutoka Mwanga mpaka Kibirizi na jua la saa nane hili.

Jamaa simtaji. Mnamjua. Kila mtu aliyewahi kushika maiki hapa Kigoma anamjua. Yule wa kofia, mwenye kiti cha kuzunguka, ukiingia unasalimiana na kisogo.

Wimbo huu nimeuhangaikia wiki tatu. Nilianza haya mambo mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, dagaa hakuna, mtu unakaa tu. Nikapata saundikadi ya mtumba, maiki ya kondensa, na programu ya kutengenezea muziki, FL Studio (ya kupewa, msiniulize zaidi). Godoro nimelisimamisha dirishani. Trei za mayai nimebandika ukuta mzima mpaka mama akauliza nafuga kuku lini. Kizuia pumzi nimekitengeneza kwa waya wa hanga na soksi ya shule ya mdogo wangu. Narekodi saa tisa usiku, feni imezimwa, nimejifunika blanketi, jasho lingetosha kuelea mtumbwi.

Nikampelekea kwenye flashi afanye miksi na masta. Nusu ya hela nimeshatoa. Studio imejaa: vijana wanne wa kuchana, mama mmoja wa kwaya na sare yake ya kitenge, na binti fulani ambaye kwa heshima yake namwita shahidi. Jamaa akachomeka. Akabonyeza. Mimi macho kwenye kile kimstari kinachotembea. Sekunde 11. KUMI NA MOJA! Sijaanza hata kuimba, bado niko kwenye ile "eeeh" ya kuingilia. Akasimamisha. Akavua hedifoni, sikio moja, halafu la pili, taratibu kama anavua kandambili msibani. Akachomoa flashi, akaipuliza (akaIPULIZA jamani!), akanipa: "Dogo, kauze dagaa."

Studio nzima ikaangua kicheko. Yule mama wa kwaya, mtu wa Mungu, alishika ukuta.

Na kinachoniua ni kwamba mimi NAUZA dagaa. Na anajua, maana hununua kwa mama! Sekunde 11 mtu unamjua nini? Chai yenyewe haijachemka. Kipande nimekiweka hapo chini, msikilize mhukumu.

Mgebuka Mkavu: Nimewahi siti ya mbele. Swali moja: aliipuliza flashi kabla ya kusema au baada?

Mleta mada: Kabla. Akapuliza, akanipa, NDIPO akasema. Akinitazama machoni.

Mgebuka Mkavu: Basi alikusudia.

Fundi Waya: Mkuu, tuweke hasira pembeni. Wakati unarekodi, ile mita ilikuwa inafika wapi?

Mleta mada: Nyekundu. Nilitaka isikike ina nguvu.

Fundi Waya: Aisee, sekunde 11 alikuvumilia. Kwenye kompyuta sifuri ndiyo dari. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, wimbi linabaki bapa kama chapati, na kile kichwa hukirudishi tena. Hizo plagini za kutibu zinakisia tu. Rekodi biti 24, vilele viishie kwenye desibeli hasi 12 hivi, nguvu utaongeza mbele ya safari.

Shangazi wa Gungu: Nimesikiliza. Wimbo una mchanga kama dagaa walioanikwa chini.

Mleta mada: Dagaa wa mama wanaanikwa kwenye CHANJA. Familia yangu isiingizwe humu.

Bingwa wa Bangwe: Samahani, sekunde ya 7 ni jogoo au ndiyo sauti yako?

Mleta mada: Jogoo wa jirani. Nilijua trei zitamzuia.

Bingwa wa Bangwe: Umejaza trei za mayai ukutani halafu unashangaa jogoo kuja? 😂😂😂

Fundi Waya: Trei zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba tu, tena kidogo. Kumzuia jogoo kunataka uzito: tofali, na mlango usio na upenyo. Na hiyo "eeeh" mbona iko nyuma ya mdundo? Bufa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inasubiri ijae, umeweka sampuli ngapi?

Mleta mada: 1024. Nikishusha inakwaruza.

Fundi Waya: Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, hiyo ni kuchelewa kama milisekunde 23, na hapo ni upande mmoja. Unajisikia umechelewa, unajivuta. Weka 128, zima vikorombwezo vyote, ndipo urekodi.

Mleta mada: Sawa, lakini NDIYO aniambie kauze dagaa mbele ya shahidi?

Mzee Mwisho wa Reli: Vijana mnadeka. Enzi za Tabora Jazz bendi nzima ilisimama mbele ya maiki, mpiga gita akikosea mnaanza upya wote. Usikate tamaa kijana. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa ziwani 1916, ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Nenda kaopoe.

Bingwa wa Bangwe: Miaka 11, mzee. Huyu kazama sekunde 11.

Toka Unyanyembe: Nyie mnalia na maprodyuza, huku Tabora tunalia na wateja. Bwana harusi kanitumia sauti ya WhatsApp, karekodi kwa simu ndani ya bajaji, anataka bajaji itoke yeye abaki. Siku tatu nachuja, macho mekundu. Namrudishia ananiuliza, "Mbona bajaji haisikiki? Ndimo tulimokutana." Hela sijaiona mpaka leo.

Mgebuka Mkavu: 🤣 Huyu ndiye mwenye uzi sasa.

Mleta mada: Turudi kwenye mada wakuu. ALIIPULIZA FLASHI.

Sauti ya Pili: Mwanangu, mimi ndiye yule mama wa kwaya. Nilicheka, Mungu anisamehe. Ila usidhani mimi nilipona. Sisi alitukusanya watu 23, tumefika ubeti wa nne umeme ukakatika, kumbe hakuwa amehifadhi hata kipande. Tukaambiwa turudie wakati besi wote wameshaondoka na mitumbwi. Wimbo umetoka hauna besi, Jumapili tunaonekana kama tunalalamika. Halafu eti anatudai za muda wa ziada!

Shangazi wa Gungu: Hahaha, kwaya ya akina mama bila kupenda.

Sauti ya Pili: Na hao dagaa wa chanja, bado wapo?

Mleta mada: Wapo mama, lakini tunaongelea…

Sauti ya Pili: Niwekee kilo tatu. Wakavu kweli, sio wa juzi.

Toka Unyanyembe: Mimi tano, uzipakie kwenye treni. Nakurudishia asali ya miombo, na huo wimbo nakusafishia bure. Nirekodie upya tu, hiyo yenye chapati siiwezi.

Mgebuka Mkavu: Mbili. Usichanganye na wa mchanga.

Fundi Waya: Na mimi mbili. Hela nitakata kwenye ushauri.

Mleta mada: Hakuna kukata. Tabora tano, mama kwaya tatu, Mgebuka mbili, Fundi mbili kwa fedha taslimu. Mama anauliza mnataka mfuko au ndoo?

Toka Unyanyembe: Ndoo.

Mgeni Humu: Nimeingia sasa hivi, sijasoma yote. Bei ya jumla ikoje, na huyo jogoo naye anauzwa?

Mleta mada: Jogoo ni wa jirani. Ngoja nikamuulize.