Nimepewa onyo la vita vya uhariri kwenye makala ya Kilwa: nijibu vipi?

Msomaji wa Pwani

Ndugu wahariri, naomba ushauri wenu. Katika Wikipedia ya Kiingereza nilikuta makala inayogusa historia ya Kilwa ikisema moja kwa moja kwamba mji huo ulianzishwa na Waajemi kutoka Shiraz. Niliibadili sentensi hiyo ili isomeke kwamba hayo ni masimulizi ya kale, nikaongeza vyanzo vya wanaakiolojia. Mhariri mwingine akaitengua hariri yangu bila kuandika neno lolote kwenye muhtasari wa hariri, pale mhariri anapoeleza sababu ya badiliko lake. Nikairejesha, naye akaitengua tena, tukaendelea hivyo hadi usiku. Leo asubuhi nimekuta kwenye ukurasa wangu wa majadiliano kisanduku chenye picha ya kiganja kilichoinuliwa kwenye kibao chekundu, kinachosema kwamba nimo katika vita vya uhariri na kwamba naweza kufungiwa. Aliyekiweka ni huyo huyo ninayevutana naye. Je, ana haki hiyo? Nikifute? Na kama mwenye vyanzo ni mimi, kwa nini nionywe mimi?

Mkabidhi Mstaafu

Haki hiyo anayo. Onyo la namna hiyo si hukumu, na si lazima litolewe na mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia mwenye uwezo wa kufungia wahariri; mhariri yeyote anaweza kuliweka, na kazi yake hasa ni kuonyesha kwamba umejulishwa kanuni kabla hujashtakiwa kwenye ubao wa wakabidhi. Kanuni yenyewe inasema mhariri asitengue hariri za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, hata kama kila mara anagusa sehemu tofauti ya makala. Wengi huisoma kana kwamba ni ruhusa ya kutengua mara tatu kila siku. Sivyo, kwani hata anayetengua mara moja moja kwa wiki nzima anaweza kuhesabiwa kuwa yumo vitani.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Kuwa na vyanzo hakukuondolei kosa. Kanuni imeacha milango michache tu, kama vile uharibifu wa wazi, ukiukaji wa hakimiliki, na maneno yasiyo na chanzo yanayomchafua mtu aliye hai. Mtu kushikilia maelezo ya zamani kuhusu Kilwa si uharibifu, na ukimwita mharibifu utakuwa umejiongezea shtaka la mwenendo. Ukali huu mimi nauona ni wa haki. Mkabidhi anayepokea malalamiko hakupewa kazi ya kuamua nani aliyeijenga Kilwa. Anachokiona ni historia ya ukurasa, ambamo watu wawili, kila mmoja akiwa na uhakika wake, wanavutana huku msomaji anayefungua makala saa tatu na mwenzake wa saa nne wakikuta mji mmoja una waasisi tofauti.

Kulifuta onyo unaruhusiwa, ila ukilifuta huchukuliwa kuwa umelisoma. Usimrudishie kisanduku kama hicho. Iache makala ilivyo sasa, hata kama inakuuma, kisha fungua mjadala kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala yenyewe, si kwenye ukurasa wake.

Mchimba Magofu

Mimi nitagusa maudhui, kwa sababu ugomvi huu unatatulika. Habari za Ali bin Hasan wa Shiraz zimetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kireno ya João de Barros, yaliyochapishwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London. Masimulizi yote mawili ni ya karne ya 16, yaani karne nyingi baada ya mambo yanayosimuliwa, kwa hiyo si vyema ensaiklopidia iyatamke kwa sauti yake yenyewe kama jambo lililothibitika. Hapo nakuunga mkono.

Ila usiteleze upande wa pili ukaandika kwamba ni hekaya tupu. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, uliohusu mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani, ulikuta mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, hasa upande wa kina mama, na asili ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi na hasa upande wa kina baba, ulioanza karibu na mwaka 1000. Watafiti wenyewe walisema matokeo hayo yanaoana na masimulizi ya Kilwa. Mwenzako ana pa kushika. Lakini kujua nani alioana na nani si sawa na kujua nani aliyeanzisha mji, na kuunganisha vyanzo viwili ili kupata hitimisho ambalo hakuna hata kimoja kilicholisema hakuruhusiwi, kwake wala kwako.

Pendekeza sentensi inayosema masimulizi ya Kilwa yanamtaja Ali bin Hasan kuwa mwasisi, wanaakiolojia wengi wanaona mji ulikua kutokana na jamii za Waafrika wa pwani, na utafiti wa 2023 unaonyesha kuoana na watu wenye asili ya Kiajemi. Kila kipande kiwe na chanzo chake.

Msomaji wa Pwani

Nashukuru sana. Je, asipojibu? Tuna kundi la WhatsApp la wahariri. Niwaombe waje kuniunga mkono?

Mkabidhi Mstaafu

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Kuwakusanya watu unaojua wako upande wako ni kosa la mwenendo, na kujiunga mkono kwa akaunti ya pili ni kosa kubwa zaidi. Mkishazungumza na kukwama, mkiwa wawili tu, omba maoni ya mtu wa tatu. Yasipotosha, fungua ombi la maoni ya jumuiya, ambalo kwa kawaida hukaa siku 30, na swali lake liandikwe bila kuegemea upande. Akikaa kimya siku kadhaa, weka sentensi yako ukiutaja mjadala kwenye muhtasari. Kamati ya Usuluhishi usiikimbilie, kwani hushughulikia mwenendo wa wahariri, si maudhui ya makala.

Mchimba Magofu

Na usisahau namba za kurasa. Ripoti ya Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, ina juzuu mbili, na anayetaka kukuhakiki asilazimike kuzisoma zote.