Historia ya muziki wa roki, uandishi na kufundisha chuo kikuu: njia ipi inafaa kwa mtu aliyeko Moshi?

Mwalimu wa Kiborloni (Moshi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina shahada ya kwanza ya ualimu katika Historia na Kiswahili yenye GPA ya 3.9. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika makala kuhusu historia ya roki, hasa namna gitaa la umeme lilivyobadilisha bendi za Tanzania na Zambia, na sasa nataka kazi hiyo iwe ndiyo maisha yangu: nifundishe chuo kikuu, nifanye utafiti na niendelee kuwaandikia wasomaji wa kawaida.

Ninapima njia tatu. Ya kwanza ni uzamili wa Historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya pili ni kuanza upya na shahada ya Muziki katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, ambako ningeweza kwenda na kurudi nyumbani. Ya tatu ni kutafuta ufadhili wa Uingereza, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Liverpool kina taasisi ya muziki pendwa tangu 1988. Naomba mnilinganishie kwa kuzingatia ajira, gharama na ubora wa kazi yenyewe.

Mzee wa Nyaraka (Arusha)

Marahaba, mwalimu. Nimefundisha Historia chuoni kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na ajira. Nafasi za kufundisha hutangazwa na idara, na hapa nchini hakuna idara ya roki. Kuna idara za Historia, za Sanaa, za Uandishi wa Habari. Chagua kwanza idara ambayo utaweza kuombea kazi, ndipo uingize roki ndani yake kama eneo lako la utafiti. Matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida humtaka mkufunzi msaidizi awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi awe nayo hiyo pamoja na 4.0 katika uzamili. Sharti la kwanza tayari unalo mkononi. Ukianza shahada nyingine unaliweka kando na kwenda kulitafuta upya kwa miaka mitatu.

Usihofu kwamba wanahistoria wataudharau muziki. Terence Ranger, aliyekuwa profesa wa Historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ndiye aliyeandika kitabu kuhusu beni, ngoma ya Afrika Mashariki iliyoiga bendi za kijeshi, kilichotoka mwaka 1975. Mada nazo zipo. Mnamo Novemba 1969 mamlaka za Dar es Salaam zilipiga marufuku muziki wa soul, yaani muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na mjadala ule unafuatilika katika magazeti ya wakati huo kama Uhuru, The Nationalist na The Standard. Mtu mwenye subira ya kupekua kurasa zile siku baada ya siku, akasoma barua za wasomaji na matangazo ya dansi yaliyochapishwa pembeni yake, atapata tasnifu ambayo hakuna mtu wa Liverpool atakayeiandika kabla yake.

Binti wa Usa River

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu ajira, lakini mimi nimesoma Muziki Makumira na sipendi jambo moja lipitwe haraka. Makala nyingi za historia ya muziki hueleza siasa, mavazi na maisha ya wanamuziki, kisha zinanyamaza pale wimbo unapoanza. Sikiliza rekodi za kundi la roki la WITCH la Zambia za katikati ya miaka ya 1970. Ile sauti ya gitaa inayokwaruza na kuvutika haitoki kwenye vidole peke yake. Hutoka pia kwenye kikasha kidogo cha umeme kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho huivuruga sauti kabla haijafika kwenye spika. Msikilizaji asiyejua hivyo atamsifu mpigaji kwa jambo lililofanywa na chombo, au atashindwa kueleza kwa nini albamu ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, *Ave Africa*, iliyorekodiwa Zambia mwaka 1976, inasikika tofauti na bendi zetu za dansi za miaka ileile.

Kwa hiyo usianze shahada upya, mwalimu, lakini tafuta mtu akufundishe gitaa na kusoma nota katika kipindi chote cha uzamili wako.

Mhariri wa Kaloleni (Arusha)

Kuhusu uandishi nitakuwa mfupi. Malipo ya makala za utamaduni katika magazeti yetu hayatoshi kuendesha familia, hivyo usiache ajira kwa kuyategemea. Mfano unaokufaa ni Simon Frith wa Uingereza, ambaye alisomea sosholojia, akachapisha *The Sociology of Rock* mwaka 1978, akawa mhakiki wa muziki magazetini huku akifundisha, na baadaye akawa profesa wa Muziki Edinburgh. Kumbuka tu kwamba chuo hukupandisha cheo kwa makala zilizopitiwa na wataalamu wenzako, kwa mfano katika jarida la *Popular Music* lililoanza 1981. Utafiti mmoja uandike mara mbili: kwa jarida, kisha kwa gazeti.

Dada wa Shanty Town (Moshi)

Mimi nilipata ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza. Hutaka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na ualimu wako unahesabika. Hulipa uzamili wa mwaka mmoja, nawe unawajibika kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Ni nafasi nzuri, ila mwaka ule hupita mbio na muda wa tasnifu ni mdogo, ilhali vyanzo vyako viko huku. Mimi ningeihifadhi Uingereza kwa ajili ya uzamivu. Na kabla ya lolote, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako kwa maandishi.

Mwalimu wa Kiborloni (Moshi)

Nawashukuru sana. Makumira kama shahada nimeiondoa. Mzee, je, kuna mada ya huku kaskazini, au ni lazima niandike kuhusu Dar es Salaam?

Mzee wa Nyaraka (Arusha)

Ipo, na inanisikitisha kwamba imeachwa wazi. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakahamia Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz, kisha wakaingia Kenya mwaka 1971 na kujulikana kama Simba Wanyika. Kwa nini mji huu haukuweza kuwashikilia? Santuri nyingi za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka 1977. Hapo kuna swali la biashara, la siasa na la muziki kwa pamoja. Wazee waliocheza katika kumbi za hapa wapo na wanazeeka, basi anza kuwahoji likizo hii, ukiomba kibali chao cha kurekodi. Andika pendekezo la kurasa mbili, uliweke hapa, nami nitalisoma.