Mkanda wa saa ya babu wenye fito kama ngazi, nani anaujua?

Mmarangu
Wakuu, naombeni msaada. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, akarudi Marangu kutoka Burma Vita ya Pili ya Dunia ilipoisha. Juzi bibi amenikabidhi saa yake. Saa imekufa, lakini kinachoninyima usingizi ni mkanda. Ni wa chuma, ila hauna pingili kama hizi tulizozoea. Una fito nyembamba zilizopangwa kama ngazi, na mwishoni kuna kikulabu. Fundi mmoja karibu na mnara wa saa hapa Moshi kaniambia nitupe, ataniwekea mpya kwa elfu tano. Roho imekataa.

Chuga Damu
Hiyo Seiko ya miaka ya sabini. Angalia ndani ya kifungio kama kumeandikwa STELUX, ndio waliokuwa wakiitengenezea Seiko mikanda huko Hong Kong.

Fundi Mstaafu
Si Stelux, kijana. Stelux ina pingili na pini. Wala si Fixoflex ya Wajerumani, maana ile ina springi, huvutika na kung'oa malaika ya mkono. Mmarangu, nijibu: hicho kikulabu kinaingia katikati ya fito zozote, ukakaza au kulegeza bila kifaa? Kama ndivyo, chukua mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni, usafishe upande wake wa ndani taratibu. Msasa usiuguse kabisa! Maandishi ya zamani yana kina kidogo mno, ukiyakwangua ndio basi tena.

Mmarangu
Shikamoo mzee. Ndiyo, kinaingia popote. Nimesafisha, umetoka uchafu mweusi kama masizi. Nasoma B, N, K, halafu LIP. Pia kuna "Made in England".

Fundi Mstaafu
Marahaba. Basi huo ni Bonklip, mkanda wa Kiingereza wa tangu miaka ya 1930. Jeshi la anga la Uingereza liliutumia sana wakati wa vita. Unaurekebisha papo hapo, na hauozi kwa jasho na mvua kama ngozi. Ila uliuzwa kwa raia pia, kwa hiyo mkanda peke yake hauthibitishi kuwa saa ni ya jeshi. Igeuze. Mgongoni kuna alama ya mshale? Au herufi za saa za jeshi, A.T.P. au W.W.W.?

Mmarangu
Mgongo mtupu, mzee. Hakuna kitu.

Mama Kiboriloni
Mwanangu, usihangaike na mgongo wa saa wakati bibi yupo. Muulize yeye. Na akija mtu anataka mkanda tu, saa akuachie, usimuuzie. Huyo anajua anachokitafuta.

Mmarangu
Nimerudi. Bibi anasema babu alinunua vyote pamoja Nairobi, kwa pesa yake, kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani. Kwa hiyo si ya serikali, na mimi nimefurahi zaidi hivyo. Mzee, nimeona kitu kingine baada ya kuusafisha: kuna nafasi moja kati ya fito imechubuka kuliko zote, inang'aa. Ndipo kikulabu kilipokuwa kinakaa miaka yote. Nimeufunga hapohapo. Mkono wangu umezidi wa babu kwa fito mbili.

Fundi Mstaafu
Sogeza hizo mbili, uvae. Saa yenyewe nitumie picha ya mashine ya ndani, tuone kilichoiua.