HSA, FSA au PPO ya kawaida? Tulioko Marekani tulinganishe kabla dirisha la bima halijafungwa

mama_wawili (Dallas)
Habari zenu wadau. Naombeni msaada maana dirisha la kuchagua bima kazini linafungwa ijumaa hii na mi bado nazunguka na makaratasi. Tuko wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili, wote tuko kwenye bima ya kazini kwangu. Kwa mwaka 2026 wamenipa njia mbili. PPO (bima ya kawaida yenye didaktibo ndogo), nakatwa dola 145 kila baada ya wiki mbili, didaktibo (ile hela unayolipa mwenyewe mfukoni kabla bima haijaanza kulipa) ni 1,000 kwa familia nzima na kwa mwaka hatuwezi kulipa zaidi ya 6,000. Nikichukua hiyo naweza kuweka FSA (akaunti ya kazini ya matibabu, unatenga hela kabla ya kodi uitumie mwaka huohuo). Ya pili nakatwa dola 70 tu, lakini didaktibo 4,000 na mwisho wa kulipa ni 9,000, ila hii ndo inakuja na HSA (akaunti yangu mwenyewe ya akiba ya matibabu, nayo kabla ya kodi) na kazini wananiwekea humo dola 1,000.

Hiyo 4,000 inanitisha jamani. Wangu wa mwisho alivunjika mkono mwezi wa kwanza, bili ya emajensi ikaja kivyake, ya aliyesoma eksirei kivyake, ya daktari wa mifupa kivyake, bahasha tatu nimezibana kwenye friji na moja mpaka leo sijaimaliza.

nesi_wa_usiku
Pole sana dada, mtoto akiumia hata akili ya mahesabu haipo. Sasa shika kalamu tupige pamoja.

145 toa 70 ni 75, mara 26 kwa mwaka unapata 1,950. Ongeza 1,000 ya kazini, jumla 2,950. Hiyo ni hela unayoikosa ukichukua PPO, muugue msiugue. Haya, njoo kwenye mwaka mbaya kabisa, mmelazwa mpaka mmefika mwisho wa kulipa: tofauti ya 9,000 na 6,000 ni 3,000. Kwahiyo mwaka mbaya kuliko yote mpango wa pili unakuzidishia gharama dola 50 tu. Mwaka wa afya, ile 2,950 karibu yote inabaki kwenye akaunti yako na haifutwi tarehe 31 Desemba.

Na kitu ambacho wengi hawakioni, zile 75 ukiwaambia HR (ofisi ya wafanyakazi) waziingize HSA badala ya kuzila, cheki yako ya mkononi haibadiliki, maana makato ya bima na ya HSA kwa kawaida yote yanatoka kabla ya kodi. Ukiweza kuongeza juu ya hapo, kama mko kwenye ngazi ya 12% ya kodi ya mapato unaepuka hiyo pamoja na 7.65% ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na bima ya wazee), kila dola 1,000 inakuokolea kama 196. Lakini hiyo 7.65 unaipata tu ikikatwa kupitia mshahara, ukiweka mwenyewe kutoka benki utarudishiwa kodi ya mapato peke yake.

Halafu chanjo na chekapu ya mwaka havingoji didaktibo, vinalipiwa hata kwenye huo mpango wa pili.

Mpemba_wa_Columbus
Hesabu ya nesi ni sahihi ila mi nataka dada ajue kilichonikuta, kwa sababu karatasi haisemi lini hela inatakiwa. Mke wangu alijifungua Februari, ndo kwanza mwaka wetu wa kwanza wa HSA, nikafungua akaunti kwenye simu nakuta dola 180. HSA unatumia kilichoingia tu! FSA sivyo, ukiahidi 3,400 (ndo kikomo cha 2026) siku ya kwanza ya mwaka zote 3,400 ziko tayari hata kama hujakatwa senti. Ikabidi niombe kulipa kidogo kidogo, nimelipa miezi 11. Kwahiyo mtu ambaye anajua kabisa mwezi wa pili ana upasuaji au mtoto anakuja na benki hana hata 2,000 ya dharura, mi ningemwambia mwaka huo akae PPO na FSA yake, HSA aingie mwaka unaofuata.

nesi_wa_usiku
Mpemba umesema kweli na mimi nililiruka hilo. Ila kuna dawa yake: bili ukilipa kwa hela yako au kwa mafungu, risiti unatunza, HSA ikijaa unajirudishia, hata miaka kumi baadaye, mradi matibabu yalifanyika baada ya akaunti kuanzishwa. Na FSA nayo ina machungu yake, isiyotumika inapotea, kazi nyingine zinaruhusu kuvusha kidogo (kuvusha kutoka 2026 ni mpaka 680) nyingine haziruhusu hata hiyo, na ukiacha kazi katikati ya mwaka kwa kawaida ndo kwaheri. HSA ni yako, unahama nayo.

kijana_wa_mvita
Nyinyi watu mmenifungua macho. Swali langu: mamangu yuko Mombasa, ana shida ya macho na mimi ndiye ninalipa kila kitu. Niko na karibu dola 2,300 kwa HSA. Naweza kumlipia operesheni na hiyo kadi? Yeye ananitegemea mia kwa mia.

karani_wa_kodi
Ndugu yangu, nasikitika, usiiguse kwa hilo. Nafanya kodi za watu wetu kila msimu na hili nimelikuta zaidi ya mara moja, mtu kamlipia mzazi kwa nia njema kabisa. IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanataka mzazi unayemtegemeza awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mombasa, Tanga, Bujumbura hazimo, hata kama unamlisha wewe peke yako. Ukitoa utalipa kodi ya mapato kwenye hiyo hela na adhabu ya 20% juu yake. Kwa 2,300 adhabu peke yake ni 460, hiyo si bora ingeenda kwa mama? Mtumie kutoka akaunti ya kawaida.

Ila wewe mwenyewe ukiwa likizo Mombasa ukang'oa jino, hiyo inaingia, tunza risiti yenye tarehe na jina. Dawa za kununua huko kuja nazo huku, hapana.

Dada mama_wawili, kabla hujabonyeza kitu: mumeo ana FSA kazini kwake?

mama_wawili
Anayo ndio, anakatwa kule ghalani anakofanya kazi, anatumia kwa miwani na dawa zake. Kuna ubaya?

karani_wa_kodi
Upo, na mkubwa. FSA ya kawaida ya mume inaweza kulipia matibabu yako na wewe, kwahiyo kisheria huruhusiwi kuweka HSA wakati anayo, hata ile 1,000 ya kazini inahesabika imezidi, na kilichozidi kinatozwa 6% kila mwaka mpaka ukitoe. Mwambie 2026 asiichukue tena, au aulize kama wana ile ya meno na macho tu, hiyo haina shida. Na iliyobaki ya mwaka huu aimalize isivuke mwaka. Kikomo cha familia 2026 ni 8,750 pamoja na ile ya mwajiri, wewe umebakiwa na 7,750. Wakati wa kodi usisahau fomu 8889, ndo ya kuripoti HSA.

bibi_wa_San_Jose
Wanangu, mimi nina miaka 61 na ningependa ningeambiwa haya nikiwa na umri wenu. Siitumii HSA yangu kabisa, naiwekeza, risiti zote napiga picha naweka kwenye folda. Ukifika 65 ile adhabu ya 20% inaondoka, unalipa kodi ya mapato tu ukitoa kwa mambo mengine, na kwa matibabu bado hulipi chochote. Kuanzia 55 unaongezewa 1,000 kwa mwaka. Mnaochelewa kuomba Medicare mpaka baada ya 65, acheni kuchangia miezi sita kabla ya kuomba, maana Part A (sehemu yake ya hospitali) inaweza kurudi nyuma miezi hiyo. Na hapa California, kama New Jersey, jimbo halitambui HSA, jimbo linakata kodi yake kama kawaida. Halafu andikeni jina la mrithi, mume au mke anaipokea ikiwa HSA vilevile, mtoto anaipokea ikiwa mapato ya kutozwa kodi.

mama_wawili
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimeongea na mume, dirisha lao linafungwa kesho, anaacha ile FSA na leo kaagiza miwani ya pili aimalize. Mi nachukua mpango wa pili, zile 75 zote ziende HSA, na dola 1,500 tuliyokuwa tumeweka ya tiketi za nyumbani tunaishikilia mpaka Juni kwa ajili ya lile la Mpemba. La mwisho: ile bili ya mkono iliyobaki, Januari naweza kuilipa na HSA?

karani_wa_kodi
Hapana dada, mkono ulivunjika kabla ya akaunti. Lakini angalia kwenye hiyo bahasha kama hospitali ni ya kutotafuta faida. Kama ndiyo, wapigie uombe fomu ya msaada wa kifedha kabla hujalipa tena, wanatakiwa wawe nayo.

mama_wawili
Sikujua kama kuna fomu. Jumatatu nikitoka zamu nawapigia.