Tupeane uzoefu: uliyemsaidia kuingia kwenye Daftari alikwama wapi?

Habari zenu wakuu. Awamu ya pili ya uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ilianza Mei 2025, na safari hiyo vituo vilikuwa ngazi ya kata. Naomba tupeane uzoefu. Ndugu, jirani au mpangaji mwenzako uliyemsaidia kujiandikisha alikwama wapi, na mlinasuka vipi?

Naanza mimi, niko Mbagala. Machi 2025, kwenye awamu ya kwanza, Dar ilipopewa zamu yake ya tarehe 17 hadi 23, nilipita mtaani kwetu nyumba kwa nyumba nikiuliza nani ameshakwenda kituoni. Jibu lililoniumiza kuliko yote ni hili: "Mimi nilishajiandikisha mwaka jana." Walikuwa wanasema lile zoezi la Oktoba 2024 la uchaguzi wa serikali za mitaa. Jamani, lile ni daftari jingine kabisa. Lilikuwa chini ya TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia serikali za mitaa; unaandikwa jina na kusaini, hakuna picha, hakuna alama za vidole, na hukupewa kadi. Kazi yake ilikuwa kumchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake tarehe 27 Novemba, basi. Rais, mbunge na diwani utawachagua kwa Daftari hili la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Kuna dada mmoja anakaanga mihogo pale kituo cha daladala. Ana miaka 22, alikuwa na uhakika kwamba yumo. Nikamwomba anionyeshe kadi, akafungua pochi akatoa kitambulisho cha Taifa, kile cha NIDA. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akamwachia mdogo wake karai la mafuta, akajifunga mtandio tukaenda. Jioni alikuwa na kadi yake, imetoka kwenye mashine bado ina joto, anaigeuza huku na huku. Tangu siku hiyo siulizi tena "umejiandikisha?" Nauliza "kadi yako iko wapi?" Ukiuliza hivyo ukweli unajulikana palepale.

Nilichokiona ni kwamba wengi hawakuzuiwa na mtu. Walijikatalia wenyewe wakiwa nyumbani: sina cheti cha kuzaliwa, nimehama, niliwahi kufungwa, mimi bado mdogo. Haya, karibuni.

Mwalimu, Morogoro

Asante mleta mada. Kwetu ni hao "bado wadogo". Sheria inasema uwe umetimiza miaka 18, au utakuwa umeitimiza ifikapo siku ya uchaguzi. Nina mwanafunzi aliyezaliwa Septemba 2007. Alikwenda, mtu mmoja kwenye foleni akamwambia rudi nyumbani mtoto wewe, naye akarudi kweli. Kesho yake nilikwenda naye. Mwandishi msaidizi, yule anayeandikisha watu kituoni, akatazama tarehe, akahesabu hadi Oktoba 2025, mwezi wa uchaguzi, akamwandikisha bila neno. Kwa hiyo tusikubali hukumu za kwenye foleni. Aamue aliyekaa kwenye meza.

Wenye wadogo zao vyuoni, jambo hili zito. Mwaka 2015 wanafunzi wengi walijiandikisha wakiwa chuoni, uchaguzi ukafika wako likizo makwao mikoani, na kura haipigwi popote unapotaka. Mwulize kijana: siku ya uchaguzi utakuwa wapi? Akajiandikishe huko. Kama ameshaandikishwa chuoni, ahamishe taarifa.

Msomaji wa Katumba, Katavi

Naomba niseme la kwetu, maana huko mjini halijulikani sana. Wazee wetu walitoka Burundi mwaka 1972. Serikali iliwapa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, watu wapatao 162,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na hati zilianza kugawiwa 2014. Pamoja na hayo, bado kuna mzee anakaa na hati yake kwenye bati la sanduku, imefungwa nailoni mbili, na ukimwambia twende tukajiandikishe anakujibu, "Hayo ni ya wenyewe."

Baba yangu mdogo alikuwa hivyo. Nilikaa naye nikamsomea Katiba, ibara ya 5: kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Haikusema raia wa kuzaliwa. Alinifanya niisome tena, na tena. Siku ya kwenda alivaa koti la harusi ya binti yake. Kituoni wakala wa chama kimoja alitaka kujua asili yake. Mzee akafungua nailoni, akaiweka hati mezani, akasema, "Asili yangu ni hii." Yule wakala aliisoma akaomba radhi. Mawakala wana haki ya kuwepo pale kusaidia kuwatambua waombaji, sigombani nao. Ila wazee wetu wasiende peke yao, waende na mtu wa kuwasindikiza na nyaraka mkononi.

Mleta mada

Ndugu wa Katumba, mfikishie baba mdogo salamu zangu. Umenigusa sana.

Niliyewahi kuendesha mashine ya BVR (ya kuandikisha wapiga kura kwa picha na alama za vidole), Mwanza

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Kilichonisumbua ni vidole. Huku tuna akina mama wanaopasua kokoto kwa nyundo, ncha za vidole zimelainika kama kioo, mashine inakataa. Mama anadhani kosa ni lake, anaanza kujiondokea. Dawa yake si kumharakisha. Anawe mikono kwa sabuni, aikaushe vizuri kwa kitambaa, mnasafisha kioo cha mashine, kisha unamshika kidole wewe mwenyewe na kukibonyeza polepole ukikizungusha. Mara nyingi inakubali. Ukiwa na mama wa kazi hizo, mwambie awahi saa 2 asubuhi kituo kinapofunguliwa, kabla foleni haijamkosesha mwandishi subira. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wenye ulemavu hawapaswi kupanga foleni hata hivyo, wapitisheni mbele.

Na jingine: mtu aliyehama asijiandikishe upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na vidole vitamuumbua. Aseme amehama, ahamishiwe taarifa. Siku hizi anaweza kuanza kwa simu kupitia mfumo wa Tume, kisha akamalizie kituoni na kuchukua kadi mpya.

Kijana wa Tanga, nipo Nungwi

Huku Zanzibar kuna Tume mbili, msichanganye. ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ambayo daftari lake ni la Rais wa Zanzibar na Wawakilishi, inataka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na uwe umeishi jimboni miezi 36 mfululizo. Sisi wa bara tuliokuja kazi za hoteli wengi hatuna hayo, tukajiona hatuna kura kabisa. Si kweli. Asiye na sifa za ZEC anaandikishwa na Tume ya Muungano, yaani hii Tume Huru ya Taifa, na kupiga kura ya Muungano. Shifti yetu nzima tumeshaelezana.

Mchangiaji, Tabora

Nilifungwa mwaka mmoja na nusu, nikatoka 2019. Nilidhani haki yangu ilikufa gerezani, na 2020 sikupiga kura. Aliyenifungua macho ni shemeji yangu. Anayezuiwa ni yule ambaye bado anatumikia kifungo kinachozidi miezi sita, au aliyehukumiwa kifo. Ukimaliza kifungo chako wewe ni mpiga kura kama wengine. Hata mahabusu, ambaye kesi yake haijaamuliwa, haki yake ipo. Nina kadi sasa. Kuna wenzangu niliotoka nao, nimeanza kuwatafuta mmoja mmoja.

Dada wa Muscat

Nasikitika kuwa sisi wa nje bado hakuna utaratibu wa kupigia kura huku. Mwenye safari ya nyumbani wakati vituo viko wazi ajiandikishe akiwa huko.

Mkwe wa Ifakara

Wakuu, mama mkwe kadi yake ya 2020 ilikwenda na mafuriko. Asubiri nini?

Mleta mada

Shikamoo yangu kwake. Asisubiri siku ya kura, aende kituoni mara vituo vinapokuwa wazi apewe nyingine, taarifa zake zimo kwenye mashine. Mwaka 2020 Tume iliruhusu waliopoteza kadi kupiga kura kwa pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa, mradi majina yafanane na ya kwenye Daftari. Lakini majina ya mama zetu mnayajua: kadi imeandikwa Mwanaidi, NIDA imeandikwa Mwanahidi. Akifika hapo mezani aombe walinganishe na kurekebisha kabisa. Kama hana wa kumpeleka, sema uko kata gani, huenda kuna mwenzetu wa Ifakara anasoma hapa.