Tamasha la vitabu Tanga: kitabu pekee kilichofunguliwa kilikuwa keki

Wanajukwaa, salaam. Nimekaa siku nne bila kuandika, nikitaraji hasira ishuke niweze kusema kwa staha. Haikushuka, kwa hiyo mniwie radhi nikisema nayo ikiwa juu vivyo hivyo. Jumamosi iliyopita nilihudhuria tamasha la vitabu na waandishi mjini Tanga. Waandaaji siwataji. Wanajijua, na baadhi yao wamo humu jamvini.

Mimi ni mtunzi wa tenzi, mkazi wa Pangani. Kitabu changu nilikichapisha kwa fedha za mfukoni, nikalipia meza shilingi 40,000, nikapakia maboksi mawili kwenye basi la alfajiri kwa sababu barua ya mwaliko ilionya kwamba mwandishi atakayefika baada ya saa mbili asubuhi atapoteza nafasi yake. Saa mbili kasoro nilikuwa nimekwisha kufika. Mgeni rasmi aliingia saa sita na robo, na kabla hajaketi hakuna kilichoruhusiwa kuanza, hata kuuza vitabu, eti isije ikaonekana kwamba shughuli imefunguliwa kabla ya kufunguliwa.

Meza zetu zilikuwa nyuma ya hema, ubavuni mwa jenereta. Mteja aliyetaka kujua bei ilimbidi apige kelele, na mimi nilimjibu kwa vidole. Mbele, palipokuwa na kivuli na mazulia, walikaa wadhamini na bidhaa zao, na nikiri kwamba wao waliuza vizuri.

Lakini jua na kelele ningevimeza kimya. Kilichonikaa kooni ni kwamba kuanzia asubuhi hadi tulipokunja mahema hakuna ukurasa hata mmoja uliosomwa mbele ya watu. Palikuwa na ngoma, maonyesho ya mavazi, hotuba tano, bahati nasibu, na keki kubwa yenye umbo la kitabu kilichofunuliwa, ambayo mgeni rasmi aliikata kwa makofi na vigelegele. Hicho ndicho kitabu kilichoshughulikiwa zaidi siku ile. Maktaba ya mkoa ipo mjini humo humo, na hakuna aliyefikiria kuazima japo vitabu kumi vikapambe jukwaa.

Juu ya jukwaa hilo palitundikwa bango la Shaaban Robert, na mwaka wake wa kufariki ukaandikwa 1968. Huyu ni mtu aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, akafa 1962, na kaburi lake liko huko huko Machui, karibu kabisa na mji huo. Nilipomwendea kijana wa kamati kumweleza, alinijibu, "Mzee, watu hawasomi bango, wanaangalia picha." Sijui kama alielewa amesema nini katika tamasha la kusoma.

Sisi watunzi tulipewa dakika mbili kila mmoja. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, na bado anapewa nafasi ya kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, mpaka amalize. Sisi ambao hatukushtakiwa kwa lolote tulikatwa kabla beti ya tatu haijapata kina chake. Mzee mmoja, ambaye kwa heshima yake simtaji, alikuja na sehemu ya utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, pwani yetu hii, naye huighani kwa moyo, bila karatasi, kwa mahadhi aliyoyapokea kwa wazee wake. Alikuwa anaanza kupasha sauti pale mshereheshaji alipomshukuru na muziki ukafunguliwa. Alisimama kidogo, mkono ungali juu, kisha akashuka. Hakuna aliyemfuata kumwomba radhi.

Najua wapo watakaosema kwamba bila burudani vijana hawaji. Sina ugomvi na muziki. Shaaban Robert mwenyewe aliketi akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, kwa hiyo kalamu na taarabu zilikwisha kujuana zamani. Ninachouliza ni kwa nini mwanamuziki alipewa dakika arobaini na malipo, na mtunzi akapewa dakika mbili na cheti ambacho jina langu lenyewe limekosewa.

Hotuba ya ufunguzi nayo ilitueleza kwamba Tanga "sasa inaanza kuamka" katika mambo ya maandishi. Mji uliokuwa ukitoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, tangu 1904, enzi za Wajerumani! Aliyeandika hotuba ile angeuliza mzee yeyote wa Ngamiani kabla ya kumwaibisha bosi wake.

Wanafunzi waliletwa kwa mabasi matatu wakavishwa fulana na kofia za wadhamini. Kitabu hawakupewa hata kimoja. Binti mmoja alisimama mezani kwangu akasoma kurasa nane au tisa, akifuatisha mistari kwa kidole, mpaka mwalimu wake alipomwita kwenda kupiga picha. Nilimpa nakala. Pamoja na hiyo, vitabu vilivyotoka mezani siku nzima vilikuwa vitano.

Nimeandika barua mbili kuomba nirudishiwe ada ya meza, kwa kuwa nilichokilipia hakikutolewa, na sijajibiwa. Stakabadhi ninayo. Mratibu anayesoma hapa anayo namba yangu ya simu, maana ndiyo aliyoipigia mara sita kunihimiza nilipe kabla ya Ijumaa.