Nimekosa hosteli, nahamia mtaani Ng'ong'ona: nijilinde vipi na wezi?

Binti_Kondoa aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma. Mwaka jana nilikaa hosteli ndani ya chuo, mwaka huu nafasi nimekosa na inabidi nitafute chumba mtaani. Nimezunguka Ng'ong'ona na Makulu, na dalali anataka jibu wiki ijayo. Chumba kimoja, choo cha kuchangia, luku ya pamoja, elfu hamsini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyompata mwenzangu wa darasani. Ameamka asubuhi, laptop haipo. Mlango umefungwa kwa ndani, komeo liko palepale. Wavu wa dirisha ulikuwa umechanwa kipande kama cha kiganja, na nje chini ya dirisha wakakuta mti mrefu umefungwa ndoano ya waya. Laptop ilikuwa mezani kwenye chaji, yeye kalala hatua mbili kutoka pale. Ripoti yake yote ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa humo.

Siku mbili kwa wiki vipindi vyangu vinaisha saa moja usiku, na mitihani ikikaribia nasoma maktaba mpaka saa tatu. Njia ya mkato inapita kwenye vichaka na korongo. Baba yuko Kondoa, kila akipiga simu anauliza kama nimepata chumba, na sitaki kumpa presha. Naomba ushauri wa watu wanaoishi huku, maana "kuwa makini" nimeshaambiwa sana. Nikienda kuangalia chumba, niangalie nini hasa? Na usiku nirudi vipi?

Mama_Chausiku alijibu:

Marahaba mwanangu. Mimi nina nyumba ya kupangisha huku Makulu, wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi, na hapa kwetu ni mjumbe wa shina, kwa hiyo kinachoibwa mara nyingi hunifikia mimi kabla ya polisi.

Hicho chumba ulikiona saa ngapi? Kama dalali alikupeleka mchana, bado hujakiona. Rudi saa mbili usiku, nenda na mwenzako. Utajua taa ya uani inawaka au hakuna, geti linafungwa au liko wazi mpaka usiku wa manane, nani wanakaa kibarazani, na kutoka barabarani mpaka mlangoni pana giza kiasi gani. Ukifika zungumza na wapangaji waliopo, dalali asiwepo. Waulize mwenye nyumba anakaa hapohapo? Kwangu mimi hilo linazidi nondo. Nyumba ambayo mwenyewe yuko Dar es Salaam na kodi anatumiwa kwa simu, haina mtu wa kumuuliza kijana anayezunguka uani anamtafuta nani. Na wezi wanazijua nyumba hizo moja moja.

Ulizia na maji. Huku tunapata kwa mgawo, na mara nyingi yanatoka usiku. Bomba likiwa nje ya uzio, utakuwa unatoka na ndoo saa saba usiku huku mlango umeuacha wazi nyuma yako. Choo nacho kiwe ndani ya uzio, hilo usilegeze hata kidogo.

Sasa dirisha. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto la Dodoma mnalijua, watoto wanalala dirisha wazi, na huo ndio msimu wa wezi. Mwizi anakuja na mti wake, anachana wavu kwa wembe pembeni kabisa, karibu na kikomeo cha dirisha, anamulika kidogo, anavuta. Begi, suruali iliyotundikwa, na simu iliyo kwenye chaji anaivuta kwa waya wake huohuo. Nondo hazimzuii, kwa sababu mkono haupiti lakini mti unapita. Mwambie mwenye nyumba aongeze wavu wa chuma wa matundu madogo nyuma ya nondo. Akisema hana hela, weka wewe na mkatane kwenye kodi, iandikwe. Meza yako isikae chini ya dirisha. Kama soketi ipo upande huo, nunua ekstensheni uvute umeme mpaka ukuta wa pili, na ukilala laptop iingie kwenye tranka lenye kufuli. Kitasa cha mlango badilisha siku ya kwanza, kabla hata hujaingiza godoro. Aliyehama kabla yako huenda bado ana ufunguo, na hujui alimchongea nani mwingine.

Kodi usimpe dalali. Ujira wake, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, mpe ukishaonana na mwenye nyumba ana kwa ana. Nimeshapokea mabinti wanalia hapa, watatu wamelipia chumba kimoja na dalali hapatikani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba ile ni ya nani, na mkataba usainiwe mbele ya mwenyekiti au mtendaji upigwe mhuri. Kisha jiandikishe kwa mjumbe wa pale, umwachie namba ya mzazi. Wanafunzi wengi wanakaa mwaka mzima na mjumbe hajui hata majina yao. Siku wakipata shida usiku hatujui tumpigie nani, na hilo linanisumbua kuliko wizi wenyewe.

Na jamani, mwizi akikamatwa msimpige. Nimewahi kusimama mbele ya vijana wenye mawe kumkinga mtoto niliyemjua tangu anabebwa mgongoni. Alikutwa na sufuria. Mwiteni mjumbe, pigeni 112, akabidhiwe polisi akiwa mzima.

Fundi_Sabasaba alijibu:

Mama kamaliza upande wa nyumba. Mimi natengeneza simu na laptop mjini, niongelee vitu vyenyewe, maana vya wizi vinapita sana mbele yangu. Mtu anakuja na laptop haina chaja, neno la siri halijui, anataka ifutwe haraka na bei hajali. Namrudisha nayo. Lakini si kila fundi atamrudisha.

Leo hii, kabla hujalala, bonyeza *#06# kwenye simu yako. Namba zitakazotokea ndizo utambulisho wa simu yako (IMEI), ziandike kwenye daftari, usizihifadhi kwenye simu hiyohiyo. Laptop igeuze, piga picha namba iliyobandikwa chini yake, mtumie baba pamoja na risiti. Nimeshaona laptop imekamatwa kweli, mwenyewe yupo na RB yake, ile namba ya taarifa ya polisi, mkononi, lakini hana kitu cha kuonyesha kwamba ile ni yake na si ya mwingine.

Simu ikiibiwa, azima ya mtu hapohapo upige 100 kwa mtandao wako wafunge laini. Mwizi mjanja anataka hela iliyo kwenye laini kuliko simu. Namba ya siri ya pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na wala isifanane na ya kufungulia simu. Ukishafunga laini ndipo uende kituoni ukachukue RB, ambayo utaihitaji pia ukitaka simu yenyewe ifungiwe. Ukirudisha laini piga *106# uone kama kuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Ripoti na kazi za chuo ziweke mtandaoni kila jioni, mwenzako angekuwa ameokoa yake. Na mwenzako huyo akitaka laptop nyingine, asiokote ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye "shida ya haraka". Ikikutwa kwake, yeye ndiye atakayetoa maelezo kituoni.

Msomi_wa_Singida alijibu:

Dada, mimi niko mwaka wa mwisho na nimekaa Ng'ong'ona tangu mwaka wa pili. Njia ya korongoni isahau jua likishazama, hata mkiwa wawili. Sisi tulifungua kundi la WhatsApp la wanaorudi upande mmoja, tunaondoka maktaba pamoja saa tatu kasoro robo kwa barabara kubwa, na hatumwachi anayesema "nimalizie ukurasa mmoja". Anafunga daftari tunaondoka naye. Ikitokea umebaki, tafuta boda wa kijiwe kinachojulikana ambaye unaye kwenye simu, usidake anayepita, na rumeti ajue umepanda na nani. Barabarani simu ikae ndani ya begi. Wanaokwapua huja wawili kwenye pikipiki, na wa nyuma ndiye mwenye kazi. Wakikusimamisha na panga, toa kila kitu bila kubishana nao.

Wiki ya bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, ongeza umakini. Hela ya kujikimu ni 10,000 kwa siku na inaingia ya miezi miwili kwa pamoja, kwa hiyo ukisaini tu mtaa mzima unajua wanafunzi wana karibu laki sita kila mmoja. Usitoe zote taslimu, na usipige picha manunuzi mapya kuweka kwenye status. Vilevile usitangaze kwamba unasafiri kwenda nyumbani, maana baadhi ya wanaoiba ni watu wanaoijua ratiba yako.

Halafu kuna meseji: "nafasi ya hosteli imepatikana, tuma elfu thelathini kwa namba hii". Wewe uliyekosa hosteli ndiye wanayekutafuta. Malipo ya chuo cha umma yanapita kwenye kontro namba, hayaendi kwenye simu ya mtu. Meseji ya namna hiyo itume kwenda 15040.

Binti_Kondoa aliandika:

Asanteni mno, Mungu awabariki. Jana nimekwenda usiku na rafiki yangu. Geti hakuna, ni uwazi tu, taa ya uani hakuna, na mpangaji mmoja ametuambia mwenye nyumba hajaonekana tangu mwaka jana. Nimemwambia dalali hapana. Amenionyesha kingine cha elfu sitini, mzee na mkewe wanaishi hapohapo, bomba na choo viko ndani ya uzio, ila geti wanafunga saa nne kamili na hakuna mpangaji anayepewa ufunguo wake.

Mama Chausiku, samahani kwa swali hili. Msichana akifanyiwa ubaya wenyewe, siyo wa simu na laptop, anaanzia wapi? Tunaogopa hata kuulizana.

Mama_Chausiku alijibu:

Usiombe samahani mwanangu, umefanya vizuri kuuliza na wengine wasome.

Anaanzia hospitali, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Asioge wala asifue. Nguo alizovaa aziweke kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki, maana kwenye plastiki zinaharibika na ule ni ushahidi. Kama hana PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, asirudi nyumbani kwa sababu hiyo, atibiwe kwanza na fomu ifuate. Polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, wapo askari wa kike na anasikilizwa faragha. Na asiende peke yake. Hata mimi hapa Makulu nimeshasindikiza, nitasindikiza tena mtoto wa mtu yeyote, usiku au mchana. Kosa si lake, hata kama alikuwa njia gani na saa ngapi.

Chumba cha elfu sitini chukua. Geti la saa nne lisikutishe, wewe saa tatu na nusu utakuwa umeshafika. Ila zungumza na mke wa huyo mzee kabla ya kulipa, muwekeane namba za simu, ili siku ukichelewa kwa mtihani umpigie akufungulie. Uliza pia ukiumwa usiku wa manane utatokaje. Akijibu vizuri, mpigie baba, umpe namba ya mwenye nyumba na ya mjumbe wa huko azungumze nao mwenyewe. Kisha nendeni ofisi ya mtaa na kitambulisho chako mkasaini. Kumbuka kitasa.